Afisa ustawi mpya, usiandike "imo katika damu yao"

Katika taarifa yangu ya kwanza ya uchunguzi wa kijamii, nilieleza kuhusu kijana wa miaka 14 aliyeshtakiwa kwa wizi wa simu kwamba baba yake na baba yake mdogo wamewahi kufungwa, hivyo tabia hiyo "imo katika damu yao". Hakimu aliisoma sentensi hiyo mara mbili, akavua miwani, kisha akaniuliza mtoto alikuwa analala wapi kabla ya kukamatwa. Sikuwa na jibu.

Damu ina sehemu yake, nanyi mnaoanza kazi hii msiikane. Nchini Denmark, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1984 ulipitia kumbukumbu za zaidi ya watoto 14,000 wa kuasiliwa. Kati ya wavulana ambao wazazi wao wa kuwazaa na wa kuwalea hawakuwa na hatia, asilimia 13.5 walitiwa hatiani ukubwani. Waliozaliwa na mzazi mwenye hatia wakalelewa na wasio nayo walifika asilimia 20.0, na wenye hatia pande zote mbili asilimia 24.5. Someni takwimu hizo kwa upande wa pili pia: katika kundi lile la kati, wanne kati ya watano hawakuwahi kutiwa hatiani. Tena uhusiano wa urithi ulionekana katika makosa ya mali, haukuonekana katika makosa ya kutumia nguvu.

Utafiti ulionibadilisha zaidi ni wa Copenhagen, uliochapishwa mwaka 1994, kuhusu wanaume 4,269. Matatizo ya kujifungua peke yake hayakuongeza ukatili. Yalipokutana na mtoto kukataliwa na mama katika mwaka wa kwanza, kundi dogo la asilimia 4.5 lilibeba asilimia 18 ya makosa yote ya kutumia nguvu. Mwili uliojeruhiwa na nyumba isiyompokea mtoto havijumlishwi tu, bali kimoja hukipa kingine nguvu. (Wala msiifanye hoja hii fimbo ya kuwachapia akina mama, huenda mama aliyekataa mtoto naye alikuwa amekataliwa.)

Kwa hiyo ombeni kadi ya kliniki. Ulizeni uchungu ulichukua muda gani, mtoto alilia mara alipozaliwa au alichelewa, amewahi kuanguka akazimia, ana degedege, anasikia vizuri. Kisha, katika kikao hicho hicho, ulizeni nani alimlea na nani alihama. Maswali haya yakitenganishwa, la afya likaachiwa daktari na la familia likaachiwa ninyi, mahali yanapokutana hapaonekani.

Hakimu aliahirisha shauri kwa siku 14, nami nikaenda kwa bibi yake kijana. Nilielezwa kwamba alizaliwa baada ya uchungu wa siku mbili, mama akaondoka mtoto akiwa na miezi mitatu, na sikio la kushoto lilitoka usaha tangu utotoni. Shuleni aliketi nyuma, akawa anachapwa kwa "ukaidi" wa kutoitika, hadi alipoacha akiwa darasa la nne. Usiku alilala sokoni, chini ya meza ya muuza samaki.

Katika taarifa ya pili niliomba matibabu ya sikio na ruhusa akae kwa shangazi yake. Ombi la kwanza lilikubaliwa siku hiyo hiyo. La pili lilichukua miezi miwili, kwa kuwa shangazi naye alikuwa amepanga chumba kimoja.