Je, Jirani Alikusudia?

SWALI: Jirani yetu alimwaga kifusi ili kuinua kiwanja chake. Fundi alimwonya mbele yangu kwamba maji ya mvua yatahamia kwetu, naye akajibu kuwa hilo halimhusu. Mvua za masika zilipoanza, maji yalituingilia hadi jikoni. Mimi nasema alitufurikisha makusudi. Mume wangu anasema alichotaka ni kukausha uwanja wake tu. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Poleni kwa hasara, dada. Mwanafalsafa wa Marekani, Joshua Knobe, aliwauliza watu katika bustani moja ya New York swali linalokaribiana sana na lenu, akachapisha majibu yao mwaka 2003. Kundi moja lilisimuliwa habari ya mwenyekiti wa kampuni aliyeambiwa kwamba mradi mpya utaleta faida lakini utaharibu mazingira, naye akajibu kuwa mazingira hayamshughulishi hata kidogo, anachotaka ni faida. Mradi ukaanza na mazingira yakaharibika. Kundi la pili lilisimuliwa habari iyo hiyo, isipokuwa mradi uliyanufaisha mazingira. Asilimia 82 ya kundi la kwanza walisema aliyaharibu makusudi, ilhali ni asilimia 23 tu ya kundi la pili waliosema aliyanufaisha makusudi.

Mwenyekiti alikuwa na nia ile ile katika habari zote mbili. Jiulize nawe: kama kifusi kile kingezuia maji yasiwafikie, je, ungesema jirani alikusudia kuwakinga? Nadhani usingesema. Tunapodhani tunasoma nia ya mtu, mara nyingi tumekwisha kuupima ubaya wa tendo lake. Wapo wataalamu wanaosema kwamba hilo ni kosa linalotokana na hamu ya kulaumu. Knobe anaona kuwa kupima wema na ubaya ni sehemu ya namna tunavyowaelewa wenzetu. Naegemea upande wake, kwa sababu aliyeonywa akapuuza hawezi kuwekwa kundi moja na asiyejua.

Mumeo naye ana hoja, maana mafuriko hayakuwa lengo la jirani, na mkishikilia kwamba alikusudia atakana, kisha mtabaki mkibishana juu ya yaliyo moyoni mwake. Mkifika ofisi ya serikali ya mtaa, anzeni na onyo ulilolisikia kwa masikio yako, mwombeni fundi aje aeleze alichosema kabla kifusi hakijamwagwa, kisha mdai jirani achimbe mtaro.