Kabla ya Matete, Tazama Karo na Kokoto

Wanaoniuliza namna ya kusafisha majitaka kwa ardhi oevu ya kutengenezwa, yaani kitalu cha kokoto kilichopandwa mimea ambamo majitaka hupita chini kwa chini, huanza karibu wote na swali la mmea: tupande matete au mafunjo? Nami nilianzia hapo nilipopewa kazi ya kusimamia kitalu cha namna hiyo katika shule moja ya bweni, na kosa hilo lilitutia hasara.

Matete yanastahili sifa zake, kwani mizizi yake hupitisha hewa kidogo chini ya maji na kuwapa bakteria mahali pa kushika, lakini wanaokula uchafu hasa ni bakteria hao, ambao wengi hukaa juu ya kokoto. Hapa Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikiutafiti mfumo huu tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na matete yetu ya mtoni ni miongoni mwa mimea iliyojaribiwa.

Hesabu ya ukubwa si ngumu. Wanafunzi 200 wakitumia lita 50 kila mmoja, majitaka yatafika mita za ujazo 10 kwa siku. Ukitaka maji yakae siku 4, na nafasi baina ya kokoto ikiwa ni asilimia 40, utahitaji mita za ujazo 100 za kokoto. Kwa kina cha sentimita 60, hilo ni eneo la mita za mraba 167 hivi. Chini utandike plastiki nzito au udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na sakafu iinamie kidogo upande wa kutokea.

Hesabu hiyo tuliifanya vizuri. Tulichokosea ni kununua kokoto za bei nafuu zilizojaa vumbi, tukazimwaga bila kuziosha, na kuliacha karo, yaani shimo ambamo tope la majitaka hutuama kabla maji hayajaingia kitaluni, bila kunyonywa kwa kuwa lilionekana bado lina nafasi. Tope likafuata maji hadi kitaluni, likakutana na vumbi lile, na kabla mwaka haujaisha maji yakapanda juu ya kokoto yakiwa na harufu na viluwiluwi vya mbu, ilhali mfumo huu unasifiwa kwa kuyaficha maji chini. Lawama zikaangukia matete, ambayo kwa kweli yalikuwa yamestawi kupita kiasi! Tulilazimika kuchimbua mita mbili za mwanzo, kuosha kokoto kwa mikono na kuzipanga upya, kubwa zikiwa mlangoni ili maji yasambae.

Tangu hapo sikubali kupanda hata shina moja kabla karo halijanyonywa na kupimwa kina cha tope, na huwaomba wenye mradi watenge fedha za gari la kunyonya kila mwaka. Matete huyavuna yakikomaa, yakafaa kwa uzio. Maji yanayotoka, hata yakiwa maangavu, bado yana vimelea. Yapeleke kwenye miti au majani ya ng'ombe, wala usiyamwagie mboga za kachumbari.