Ovaroli ya kuvulia samaki kwenye barafu
Kaka, kama ndo mara yako ya kwanza kuvua juu ya barafu huko Minnesota, Marekani, ovaroli yoyote utakayopewa dukani angalia kwanza mishono, kitambaa kinaweza kuwa hakipitishi maji lakini kama mishono haijazibwa kwa tepu upande wa ndani maji yanaingia tu, hasa magotini maana utapiga magoti sana pale kwenye tundu la kuvulia lililotobolewa kwenye barafu. Tafuta yenye pedi za magoti na zipu ndefu pembeni uvae buti zikiwa mguuni. Saizi iwe kubwa kidogo, ndani uvae sufu, pamba hapana kabisa, ikilowa jasho inakugandisha. Hela ikiruhusu chukua ile inayokusaidia kuelea ukitumbukia majini. Na barafu yenye unene chini ya inchi 4 tafadhali usikanyage.