Changarawe ni meno, makombe ni ganda

Kuku niliokua nao kwa mama walizurura kutwa, wakidonoa wanachotaka. Nilipoanza kufuga mwenyewe Kigamboni niliogopa vicheche na wezi, nikawafungia mitetea wangu 12 kwenye banda la sakafu ya saruji. Baada ya miezi michache nikaanza kuokota mayai yenye ganda jembamba, mengine utando mtupu kama mfuko uliojaa maji. Yaliyopasuka waliyala, na kuku akishaonja yai huwa vigumu kumwachisha.

Jirani akaniambia niwape changarawe. Niliwapa, mayai hayakubadilika, na nilichukua muda kuelewa kwa nini. Kuku hana meno. Firigisi ndiyo inayosaga, na mawe madogo magumu ndiyo kinu chake. Jiwe gumu haliyeyuki, kwa hiyo halijengi ganda. Kinachojenga ganda ni kalsiamu, na hiyo hutoka kwenye makombe ya pwani, chokaa ya mifugo au maganda ya mayai yenyewe.

Kosa langu hasa lilikuwa kwenye chakula. Ganda la yai moja hubeba takriban gramu 2 za kalsiamu, na kwa kuwa si yote anayokula inayofyonzwa, mtetea anayetaga vizuri anahitaji kama gramu 4 kwa siku. Chakula cha kuku wa mayai kimepimwa kutosheleza hilo. Mimi, kwa kubana matumizi, nilikuwa nakichanganya nusu kwa nusu na pumba. Kalsiamu nikaikata karibu nusu bila kujua. Tafadhali usifanye hivyo bila kufidia.

Sasa naokota makombe ufukweni, nayaosha kwa maji baridi mara kadhaa chumvi itoke, nayaanika, kisha natwanga. Nisitwange yakawa unga! Unga hupita tumboni upesi, lakini vipande vya ukubwa wa punje ya mtama hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha, na usiku ndipo sehemu kubwa ya ganda hutengenezwa. Ndiyo maana najaza chombo chao alasiri. Nikitumia maganda ya mayai nayachemsha, nayakausha na kuyavunja hadi yasifanane na yai hata kidogo, wasije wakajifunza kudonoa yaliyo kiotani.

Makombe yawe kwenye chombo chake, usiyachanganye na chakula. Mtetea anayetaga atakula mengi, jogoo ataonja tu. Vifaranga na matembe wasipewe kabisa mpaka waanze kutaga, maana kalsiamu nyingi huharibu figo zao.

Changarawe nayo usiitupe. Anayekula chakula cha kusaga peke yake anaweza kuishi bila hiyo, ila ukimpa mahindi, mtama au majani naye yuko ndani kutwa, iweke. Kuku wakubwa wapate vipande vya ukubwa wa choroko, vifaranga mchanga mnene uliooshwa.

Na waote jua. Jua ndilo linalowasaidia kutengeneza vitamini D, na bila hiyo kalsiamu haifyonzwi vizuri hata ukimwaga makombe gunia zima.

Kwangu maganda yalianza kukaza baada ya wiki mbili hivi. Kwako yakibaki membamba, au yakawa na mikunjo huku kuku wakikoroma, mwite afisa mifugo haraka, kwani mdondo na magonjwa ya njia ya hewa pia huharibu ganda.