Maswali Yenu: Rundo la Ijumaa

*Babu, shikamoo. Sisi ni akina mama 14 hapa Newala, tunabangua korosho. Jumatatu tunapiga mvuke magunia yote ya wiki, Jumanne na Jumatano wote tunabangua, Alhamisi tanuri, Ijumaa wote tunamenya. Mteja wetu wa Dar es Salaam anatwambia tufuate mtindo wa Toyota. Shemeji anacheka, anasema kiwanda ni wingi, ndipo gharama inashuka. Nani mkweli? Na korosho na magari wapi na wapi? – Mbanguaji, Newala*

Marahaba, mwanangu. Shemeji yako ana nusu ya ukweli. Mwaka 1913, Highland Park kule Michigan, Henry Ford aliweka mstari unaotembea: fundi anasimama, gari linamfuata. Chasisi iliyokuwa ikiungwa kwa zaidi ya saa 12 ikaja kuungwa kwa dakika 93 hivi, na bei ya gari ikaporomoka. Gari la aina moja, mengi, bila kusimama.

Hilo la "bila kusimama" mimi limenitia hasira tangu ujana. Mwaka 1981 nilikuwa nikichambua korosho katika kiwanda kikubwa, katika vile vilivyojengwa huku kusini kwa mashine za Italia na Japani. Asubuhi moja kisu cha mashine kilikaa upande. Nikaona vipande vinazidi, nikamkimbilia msimamizi. "Tunahesabiwa tani," akasema, "rudi kazini." Jioni tulikuwa na magunia ya vipande, na wewe unajua korosho nzima ndiyo yenye bei.

Tena viwanda vile vilitaka kulishwa. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna karibu tani 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Mashine iliyotengenezewa wingi haijui kula kidogo. (Naam, nyingine zilitoka Japani. Mashine ni chuma tu, mtindo ni wa watu.)

Toyota baada ya vita walikuwa na hali kama yenu: wateja wachache, kila mmoja na gari analotaka, na fedha ya kulaza vipuri ghalani hakuna. Eiji Toyoda alikwenda kutazama kiwanda cha Ford mwaka 1950. Kisha Taiichi Ohno, msimamizi wa karakana, akaugeuza mwendo. Anayetangulia asimsukumie mwenzake mzigo; mwenzake ndiye aje na kadi kuchukua kiasi alichotumia. Wazo alilipata kwenye supamaketi za Marekani, ambako rafu hujazwa pale mteja alipotoa. Jingine lilianza zamani kwa Sakichi Toyoda, mtengenezaji wa mitambo ya kufuma: uzi ukikatika, mtambo unasimama wenyewe. Kwenye magari ikawa kamba, na mfanyakazi akiona kasoro anaivuta, mstari unasimama. Mimi 1981 kamba sikuwa nayo.

Sasa tazama rundo lenu. Mvuke ukikosea Jumatatu, mmekosea magunia yote. Kisu kikikaa vibaya Jumanne, makovu yake mnayaona Ijumaa mkimenya. Na korosho iliyotoka tanurini ikilala, inanyonya unyevu, ngozi inang'ang'ania, mnavunja mnapomenya.

Mahali pamoja msiwaige Toyota. Mkorosho hauzai kila siku. Korosho ghafi iliyokauka vizuri, iliyonunuliwa kwenye msimu, msikubali mtu awaambie ni mzigo uliolala. Hiyo ndiyo kazi yenu ya Mei.

Jaribuni wiki mbili. Kila jioni pigeni mvuke za kesho tu. Kesho zibanguliwe, ziingie tanurini, asubuhi yake zimenywe. Kati ya wabanguaji na tanuri wekeni trei mbili. Zikijaa zote, wabanguaji waweke visu chini wakasaidie kumenya. Mtaona kama mnachelewa. Kuni nazo zitaliwa zaidi kwa kuwasha tanuri kila siku, na hiyo ni gharama ya kweli: iandikeni daftarini, kando yake muandike kilo za korosho nzima. Shemeji asionyeshwe daftari kabla wiki mbili hazijaisha.

Na kila mama awe na ruhusa ya kusema "simama", hata kama anayebangua vibaya siku hiyo ni wewe.