Usitoe namba ya zamani kwenye namba ya leo. Tafuta udongo wenyewe

Mkuu mleta uzi, simama hapo hapo kwanza. Umeandika kwamba una ripoti ya udongo ya miaka ya 1960, shamba ni lile lile, na sasa unataka kuchimba upya, upeleke maabara, halafu uchukue asilimia ya leo utoe ya zamani upate kaboni iliyoongezeka au iliyopotea. Ukauliza pia uchimbe kina gani, takwimu za mvua uzipate wapi na grafu uchore kwa programu gani. Hayo mengine yatasubiri. Hiyo hesabu ya kutoa ndiyo itakayokumaliza.

Nimeona kazi nzima ikizama hapo, na mimi nikiwemo ndani. Tulikuwa na mshauri, mtu mwenye cheo na sauti nzito, aliyetuambia tusijisumbue na mambo ya maabara kwa sababu kaboni ni kaboni na asilimia ni asilimia. Tukamwamini. Tukatoa, tukapata ongezeko kubwa, tukaandika kurasa na kurasa kusifu samadi na mzunguko wa mazao. Kisha mhakiki akauliza swali moja tu: zile za zamani zilipimwaje, na hizi zilipimwaje? Kazi ikafia hapo. Mshauri alikuwa ameshalipwa na kuondoka. Ndiyo, bado nina hasira, na wala siombi radhi.

Sasa sikiliza kinachotokea. Ripoti nyingi za enzi hizo zilitumia njia ya Walkley na Black, iliyotoka mwaka 1934. Unapima udongo kidogo uliosagwa na kuchekechwa, unaumwagia dikromati ya potasiamu yenye rangi ya chungwa, kisha asidi kali ya sulfuriki. Chupa inapata moto ghafla mpaka huwezi kuishika, lakini joto hilo linatokana na mchanganyiko wenyewe tu, hakuna jiko chini yake. Unaiacha kama nusu saa, halafu unatonesha kemikali nyingine taratibu mpaka rangi igeuke, na kwa matone hayo unajua dikromati kiasi gani ilitumika kuunguza kaboni. Shida ni kwamba joto lile halitoshi kumaliza kaboni yote. Kwa wastani linakamata kama asilimia 77, ndiyo maana watu wakazoea kuzidisha jibu kwa 1.3. Lakini huo ni wastani! Udongo mmoja unatoa asilimia 60, mwingine unapita 80. Na kuna maabara zilizozidisha na zisizozidisha, na mara nyingi ripoti iko kimya kabisa.

Maabara ya leo inachoma udongo kwenye mashine yenye oksijeni, nyuzi 900 na zaidi, kisha inapima kabonidioksidi yote inayotoka. Haibakizi kitu. Tena inachoma hata kaboni ya chokaa, ambayo si mboji hata kidogo. Ukidondosha asidi ya hidrokloriki kwenye udongo wako ukaona unatoa povu, ujue kuna chokaa, na usipoiondoa au kuipima peke yake umeshaharibu jibu.

Weka namba uone. Udongo una kaboni asilimia 1.5 kwa kweli. Njia ya zamani bila kuzidisha inakupa kama 1.15. Mashine ya leo inakupa 1.5. Hakuna kilichobadilika shambani, lakini wewe kwenye karatasi una ongezeko la asilimia 30! Ni sawa na kupima kitambaa kwa mkono wa mtu mzima jana na kwa mkono wa mtoto leo, halafu useme kitambaa kimerefuka.

Na si kaboni peke yake. Ripoti nyingine zinaandika mboji badala ya kaboni, yaani kaboni iliyozidishwa kwa 1.724 kwa dhana kwamba mboji ni kaboni asilimia 58. pH iliyopimwa kwenye maji haifanani na iliyopimwa kwenye kloridi ya kalsiamu. Fosforasi iliyopimwa kwa njia ya Bray na iliyopimwa kwa njia ya Olsen ni vitu viwili tofauti.

Kwa hiyo linganisha udongo na udongo: wa zamani na wa sasa, mashine moja, siku moja, mtu mmoja. Pale Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, Lawes na Gilbert walianzisha jaribio la ngano la Broadbalk mwaka 1843, na waliokausha na kuhifadhi udongo, nafaka na mabua waliacha hazina ambayo leo ina sampuli kama 300,000. Njia mpya ikija, wanafungua chupa ya zamani na kupima upya. Ngano ile ya karne ya 19 imekuja kutolewa DNA ya fangasi wa magonjwa, ikaonekana kwamba uwiano wa aina mbili za fangasi ulifuata kupanda na kushuka kwa moshi wa salfa hewani. Mwaka 1843 nani aliijua DNA? Wangeacha namba tu kwenye daftari, tusingepata hata hilo.

Nenda kwenye stoo ya wale walioandika ripoti yako, utafute sampuli za udongo wa wakati ule. Usiulize kwa simu, maana utaambiwa zilitupwa. Ingia, angalia rafu za chini, makopo yenye lebo za mwandiko wa kalamu. Kama kweli hazipo, chukua sampuli zako mpya, zipimwe kwa njia zote mbili, upate namba ya kuzidishia ya udongo huo wenyewe badala ya kuazima 1.3 ya watu. Na zako usizitupe: zikaushe kwa hewa, zifunge kwenye chupa, andika shamba, kina, tarehe na njia ya kupima.

Kina kiwe kile kile cha ripoti, kisha ongeza mpaka sentimita 30. Chukua na silinda ya kupimia uzito wa udongo kwa ujazo, kwa sababu kaboni asilimia 1.5 kwa uzito wa gramu 1.3 kwa sentimita moja ya ujazo na kina cha sentimita 30 ni tani 58.5 kwa hekta, na uzito ukiwa 1.4 ni tani 63. Tofauti yote hiyo inaletwa na kushindiliwa kwa udongo tu.

Kabla hujashika jembe, fungua ripoti kwenye sehemu ya mbinu, piga picha ukurasa huo uuweke hapa tuuone. Kama haina sehemu ya mbinu, sema pia.