Ukitunga shairi la mafuriko, taja maji yalifika wapi

Kila Mto Sabaki, huku pwani ya Kenya, ukifurika, mashairi huja kwa wingi: redioni, kwenye makundi ya WhatsApp, hata siku ya kugawa misaada. Mengi huanza kwa "Ewe Mola" na kuishia kwa toba. Dua sina neno nayo, mimi pia huomba. Lakini ukifika beti ya mwisho hujui maji yalitoka wapi wala yalimhamisha nani, na kwa mtu wa Garashi, kando ya mto huo, aliyepoteza shamba lake hilo linauma.

Baada ya mvua za El Niño za mwisho wa 2023 nilikaa na vijana na kina mama wa kando ya mto, kaskazini ya Malindi, tukatunga pamoja. Nawapa yaliyotufaa.

Anza na utenzi. Mizani (silabi) 8 kwa mshororo, yaani mstari, mtu huzishika upesi, na utenzi umezoea kusimulia. Tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, ya mizani 16 kwa mshororo, ni tamu kuimba, ila kwa mtunzi mgeni huvuta mahubiri. Mama mmoja, akihesabu kwa vidole, alitoa ubeti huu wa utenzi:

Yaliingia usiku
Yakabeba wetu kuku
Na sanduku la vikuku
Tukalala kwenye lami

Kijana mmoja alitaka pale kwenye vikuku paandikwe "mali". Mama akakataa: "Mwanangu, mali kila mtu anayo. Vile vikuku aliniachia mama yangu." Vikabaki.

Taja na chanzo. Mto huu huanzia bara, karibu na Nairobi, ukiitwa Athi. Ukishaungana na Tsavo huwa Galana. Kwetu ndio Sabaki. Ndiyo maana hufurika huku Malindi jua linawaka. Mtoto akiyakariri hayo kwa vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, hatangoja mawingu ndipo ahame. Mwambie pia maji yaliishia kwenye mwembe wa nani, yalipanda ngazi ya ngapi ya msikiti.

Watu wakiwa bado hemani, tafadhali, peleka unga na maji safi. Daftari lingoje.

Shairi likishaiva, wasomee kwanza wenye msiba, kabla ya redio. Watakusahihisha: hayakuja alfajiri, yalikuja baada ya isha, mwembe haukung'oka, uliinama tu. Rekebisha hata kama kina kitavunjika, kisha kaa chini utafute kina kingine.